Kope Zikirudi Kuchoma Macho

Wengi wetu tunamfahamu bibi au shangazi anayefunga kibano kwenye pindo la kanga. Kila baada ya siku chache huketi mlangoni penye mwanga, akamwita mjukuu amng'oe nywele za kope. Wengine walikwisha kupasuliwa, nywele zikageuka tena, nao husema, "Nirudi kufanya nini?" Mwezi huu, akina mama, tulijibu swali hilo.

Chanzo ni trakoma, yaani vikope. Mtoto akiugua mara nyingi, kope hupata makovu kwa ndani. Miaka mingi baadaye kope hujikunja, na nywele hukwaruza kioo cha jicho. Kioo kikishapata makovu, upasuaji wa kope hauwezi kurudisha mwanga uliopotea. Sisi wanawake huathirika zaidi, kwa sababu twalea watoto wenye maambukizo.

Upasuaji hufanywa kwa sindano ya ganzi, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Njia zinazotumika sana ni mbili. Ya kwanza hukata kope yote, ngozi na nyama ya ndani. Ya pili hugeuza kope na kukata upande wa ndani tu, ngozi ikaachwa nzima. Zote mbili hugeuza ukingo nje na kuushona.

Huko Amhara, Ethiopia, njia hizi zililinganishwa kwa wagonjwa 1,000 ambao hawajawahi kupasuliwa. Matokeo yalitolewa mwaka 2016: baada ya mwaka mmoja nywele zilirudi kwa asilimia 22 ya waliofanyiwa njia ya kwanza, na asilimia 13 ya waliofanyiwa ya pili. Basi kurudi kwa nywele si mkosi wala si kosa la mgonjwa. Hata mkono wa mpasuaji una sehemu yake: mkato mfupi au nyuzi zisizolingana huleta matatizo.

Kope iliyokwisha kukatwa ina kovu, na kuirudia ni kazi ngumu zaidi. Kwa hiyo tuombe daktari mzoefu, na tumweleze kwamba tulipasuliwa zamani. Kibano hutuliza kwa muda tu. Nywele huota tena.

Mama, kama jicho limeanza tena kuchoma na kutoa machozi, usingoje mavuno yapite. Rudi hospitali ungali unaona njia.