Joto la nyuma ya paneli



Ukipita Musoma, Bunda au Butiama utaona paneli za sola juu ya zahanati, maduka na nyumba za vijijini. Tunazishukuru, maana zimetuondolea vibatari. Lakini paneli ya kawaida hugeuza kuwa umeme kama sehemu moja tu ya tano ya nguvu ya jua inayoipiga. Sehemu kubwa ya inayobaki huwa joto, na joto hilo huidhuru paneli yenyewe: kila nyuzi moja ya Selsiasi juu ya 25 huipunguzia umeme kwa karibu asilimia 0.4. Saa ile jua linapotupa zaidi, ndipo paneli inapochoka.

Tangu miaka ya 1970 watafiti wanatafuta namna ya kulichota joto hilo. Hupitisha maji au hewa nyuma ya paneli. Paneli hupoa, na kilichopita hutoka na joto la kutumika. Sisi tunaosoma falsafa hufundishwa kutofautisha kitu kilivyo na kile kinachoweza kuwa. Mfano huu unatufaa kuliko ule wa mbegu na mti tuliouzoea.

Ulaya mitambo hii ya mseto inauzwa tayari, mingi ikiwa ya kupasha maji na nyumba wakati wa baridi. Baridi hiyo sisi hatuna. Kwa hiyo utafiti unaotufaa hautakuja ndani ya boksi pamoja na paneli; lazima ufanyike hapa.

Tutazame dagaa. Kando ya ziwa huanikwa juu ya mchanga au vichanja. Jua likiwaka, hukauka upesi. Mvua ikinyesha huoza, au huuzwa kwa bei ya kutupa kuwa chakula cha kuku, na mara nyingi anayeumia ni mama aliyekopa mtaji kwenye kikoba. Dagaa hawahitaji moto ili wakauke. Wanahitaji hewa vuguvugu inayotembea, na hicho ndicho mtambo wa mseto unachotoa: joto linatoka nyuma ya paneli, umeme wake unazungusha feni. Udaga wa mihogo nao ungekauka hivyo hivyo. Siku ya mawingu mazito joto litakuwa dogo, na hapo ndipo pa kutafiti: je, mawe yaliyopashwa mchana yanaweza kulitunza hadi usiku?

Tusijidanganye, mtambo huu hautapika ugali. Maji yake kwa kawaida huwa ya nyuzi 40 hadi 60, na ukiyalazimisha yawe ya moto zaidi, umeme unashuka. Hata hivyo, Serikali imezitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa, na gesi ni ghali. Sufuria la shule linaloanza na maji ya nyuzi 50 hula gesi kidogo kuliko linaloanza na maji ya kisimani.

Wapo watakaosema ni nafuu kununua paneli ya kawaida na kujenga kikaushio cha nailoni pembeni. Huenda wana haki! Mtambo wa mseto ni ghali zaidi, na mabomba yake yakivuja atahitajika fundi anayeyajua. Lakini swali hilo halijibiwi kwa kubishana. Hujibiwa kwa kuviweka vyote viwili ufukweni na kupima.

Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, aliandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 akitaka shule isijitenge na kazi za wanakijiji. Majimbo yetu ya Musoma na Bunda yana shule, zahanati na mapaa mengi. Tunaomba paa moja tu, katika parokia iliyo karibu na mwalo wa dagaa, litolewe kwa watafiti wa vyuo vyetu kwa masika moja. Na mizani washike kinamama wanaoanika.