NANI AMEONA CHINI YA JIWE?

Ndugu Wanachama,

Kwenye mkutano wa Jumapili wapo waliosimama wakasema Katibu anachelewesha ghala. Eti kupima ardhi ni anasa ya watu wa mjini. Basi nimeandika hapa ukutani ili kila mtu asome polepole, na asiyejua asomewe na mwenzake, kama nilivyokuwa nikisomewa mimi kabla ya darasa la watu wazima.

Fundi amechimba mashimo matatu, kila moja kina cha mkono, akagonga jiwe, akasema pagumu. Jiwe lipo, sibishi. Lakini ardhi yetu ni ya mawe ya chokaa, sawa na ya mapango ya Amboni. Maji ya mvua yakipita kwenye udongo huchukua uchachu kidogo, huingia kwenye nyufa na kuyala mawe miaka na miaka. Juu panabaki pagumu, chini pamekuwa chumba. Jiwe alilogonga fundi laweza kuwa dari!

Mmesahau choo cha nyumba ya mwalimu? Asubuhi tulikuta bati tu. Tukashukuru hakuwemo mtu, tukafukia, tukanyamaza. Na kutoka pale mpaka kiwanja cha ghala ni hatua themanini.

Wenzetu Afrika Kusini walilipa kwa roho za watu. Desemba 1962, kwenye mgodi wa dhahabu wa West Driefontein, ardhi ya mawe yaliyo ndugu na chokaa ilifunguka ikameza jengo zima la kuvunjia mawe, na watu 29 wakafa. Maji ya chini yalikuwa yamevutwa kwa pampu ili dhahabu ichimbwe, mapango yakabaki matupu. Mwaka 1964, jirani na hapo, ikazama nyumba na watu watano. Ndipo wakashika kupima uvutano wa ardhi: palipo na utupu chini, uvutano hupungua kidogo sana, na kipo chombo kinachoona upungufu huo.

Sisi tuanze na kile tunachokijua. Wakumbukeni vijana waliokuja kutafuta maji ya kisima. Walipigilia vyuma vinne mstari mmoja, wakapitisha umeme kwenye viwili vya nje, wakasoma kwenye viwili vya ndani. Sisi tukanong'ona kwamba wanatafuta mali ya Mjerumani. Wakivitanua vyuma, wanasoma chini zaidi. Udongo wa unyevu hupitisha umeme, hewa huukataa, kwa hiyo pango tupu hujionyesha. Pango lenye maji au tope husomeka kinyume, ndiyo maana anatakiwa mtaalamu, na penye shaka patobolewe tundu kuhakikisha. Sisemi waya unaona kila kitu. Nasema unaona kuliko sururu.

Mnasema fedha hazipo. Mbona za rangi na sherehe ya ufunguzi zimepatikana? Kisima mlikubali kipimwe, ghala la mahindi ya kijiji kizima mnataka lipimwe kwa macho ya fundi, ambaye analipwa siku ya kumaliza kujenga na kesho yake hayupo!

Mimi sitii sahihi kibali cha kuchimba msingi kabla kiwanja hakijapimwa. Anayenipinga aje ofisini Jumamosi saa nne, aje na fundi wake, anijibu swali nililoandika pale juu.

Katibu wa Tawi