Mtoto wetu akiwa jela

Leo nataka tuongee jambo ambalo hatuligusi harusini, msibani wala kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo. Katika miji mingi tunakoishi huku ughaibuni kuna familia za wenzetu ambazo kijana wao, kaka au mume yuko jela, na wanaojua ni watu wawili watatu tu. Kule nyumbani, Tanga au Kisumu au Bukavu, wameambiwa amehamia jimbo jingine kikazi. Bibi akipiga simu siku ya Idi anaambiwa yuko zamu.

Siwalaumu wanaoficha. Kwetu aibu ya mmoja ni ya wote, na wengine tulisafirishwa kwa nauli iliyochangwa na ukoo mzima. Ila nimefundisha hesabu mihula miwili ndani ya gereza moja hapa Marekani, na tangu hapo nimekuwa nikitafuta na kusoma tafiti kuhusu wafungwa: hali ya akili zao, afya zao, masomo yao. Nilidhani nitakuta habari za askari na kufuli. Nilichokuta, kwa sehemu kubwa, ni habari za familia. Nitazungumzia zaidi Marekani kwa kuwa ndiko ninakoishi. Msomaji wa Muscat au Leicester atachukua kinachomfaa.

Nianze na jimbo la Minnesota, ambako Waswahili hatuko wachache. Mwaka 2011 idara ya magereza ya jimbo hilo ilitoa utafiti juu ya wafungwa 16,420 walioachiwa kati ya mwaka 2003 na 2007. Watafiti waliangalia jambo moja tu: nani alitembelewa, na nani. Karibu wanne katika kila kumi hawakutembelewa na mtu yeyote. Waliotembelewa, hatari yao ya kutiwa hatiani tena kwa kosa kubwa ilikuwa pungufu kwa asilimia 13, na ya kurudishwa ndani kwa kuvunja masharti ya kuachiwa ilipungua kwa asilimia 25.

Sasa sikilizeni akina baba. Utafiti ule ulipochambua aina za wageni, waliosaidia zaidi walikuwa ndugu wa kuzaliwa, wakwe na mashemeji, viongozi wa dini, na baba wa mfungwa. Mama hakutajwa katika orodha hiyo, na mimi nadhani sababu ni kwamba mama huenda kwa vyovyote vile. Anayesubiriwa ni baba, yule ambaye katika nyumba zetu nyingi amesema jina la kijana lisitajwe tena mezani. Na mzee wa msikiti au padri anayemkumbuka mfungwa katika dua ya pamoja angefanya vizuri zaidi kupanda gari akaenda. (Wageni waliozidisha hatari walikuwa wake au waume walioachana na mfungwa. Hilo halikunishangaza.)

Kufika huko si rahisi, najua. Gereza liko saa nne kwa gari, lazima jina lako liwe limekubaliwa kwenye orodha ya wageni kabla hujaondoka nyumbani, na ukivaa nguo wasiyoitaka utarudishwa mlangoni. Basi piga simu. Kwa miaka mingi simu za jela hapa Marekani zilikuwa ghali kupita kiasi, hadi Martha Wright, bibi wa Washington aliyeshindwa kumudu gharama za kuzungumza na mjukuu wake, alipofungua kesi mwaka 2000. Alifariki kabla ya kuona mwisho wake, lakini sheria inayobeba jina lake ilitiwa saini Januari 2023, ikaipa serikali kuu uwezo wa kudhibiti bei hizo hata kwa simu za ndani ya jimbo moja. Yapo majimbo, Connecticut likiwa la kwanza, yaliyoamua simu hizo ziwe bure kabisa.

Nije kwenye masomo, ambako mimi mwenyewe nina ushabiki kidogo.

Taasisi ya RAND ilikusanya tafiti za miaka zaidi ya thelathini juu ya elimu magerezani na kutoa matokeo mwaka 2013. Tarakimu inayonukuliwa kila mahali ni asilimia 43, na karibu kila anayeinukuu anaikosea. Haina maana kwamba katika watu mia waliosoma, 43 waliokoka. Maana yake kwa lugha ya kawaida ni hii: ukichukua wafungwa mia waliosoma na mia wasiosoma, wanaorudi jela katika kundi la kwanza ni pungufu kwa watu 13 hivi. Kwangu mimi hao 13 wanatosha. Ni mama 13 ambao hawaamshwi tena usiku na simu ya polisi. Na wale wanaolalamika kuhusu kodi zao wajue kwamba RAND walipiga hesabu wakaona kila dola moja inayotumika kwa elimu hiyo inaokoa dola nne hadi tano za gharama za kuwafunga watu upya katika miaka mitatu ya mwanzo.

Yupo atakayesema kwamba anayejiandikisha darasani ni yule aliyekwisha kuamua kubadilika, hivyo sifa ni zake na si za darasa. Ni hoja nzuri, na watafiti wenyewe wanaijua, ndiyo maana walizipa uzito tafiti zilizolinganisha watu wanaofanana. Lakini nimekaa katika darasa hilo. Mwanafunzi wangu mmoja, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, alijiandikisha kwa sababu chumba cha darasa kilikuwa na kiyoyozi. Hakuficha. Wiki ya sita alikuwa anabishana nami kuhusu sehemu na desimali, na askari alipokuja kutuhesabu alimwomba asubiri dakika moja amalize swali.

Nguvu ya akili iliyofungiwa huko ndani ilionekana na dunia nzima mwaka 2015. Wafungwa wa gereza la Eastern huko New York, wanafunzi wa programu ya chuo cha Bard iliyoanzishwa mwaka 1999, waliwashinda wanafunzi wa Harvard katika mdahalo. Hawakuwa na intaneti ya kutafutia hoja. Na mada waliyopewa kuitetea inatuhusu sisi wahamiaji: kwamba shule za umma ziruhusiwe kuwakataa watoto wasio na makaratasi. Wao wenyewe hawakukubaliana nayo, wakaitetea hivyo hivyo, wakashinda.

Huko kwetu pia yapo. Susan Kigula wa Uganda alihukumiwa kifo mwaka 2002, na kesi iliyobeba jina lake na la wenzake zaidi ya mia nne ilifika Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 2009 ilikubali kwamba sheria haiwezi kumlazimisha hakimu kutoa hukumu ya kifo. Akiwa Luzira alisoma sheria kwa njia ya posta na Chuo Kikuu cha London, akatoka mwaka 2016. Kenya na Uganda leo wapo wafungwa na askari magereza wanaosoma sheria katika mpango mmoja.

Kwa hiyo ukizungumza na kijana wako, usimuulize tu kama anakula. Muulize anasoma nini. Kama hajamaliza sekondari, aulizie darasa la cheti cha GED. Kama amemaliza, aulizie chuo. Mwaka 1994 Bunge la Marekani liliwanyima wafungwa ruzuku ya Pell, na vyuo vingi vya magerezani vikafa. Tangu tarehe 1 Julai 2023 ruzuku hiyo imerudi kwa wafungwa wanaosoma katika programu zilizoidhinishwa. Mwenye green card anaweza kuiomba, si raia peke yake. Jambo jingine la haraka kwa wahamiaji: asiye raia akikamatwa ana haki, chini ya Mkataba wa Vienna, ya kuomba ubalozi wake ujulishwe. Na kabla hajakubali kosa ili apunguziwe kifungo, wakili wa mambo ya uhamiaji aulizwe kwanza, kwa sababu kosa linaloonekana dogo mahakamani linaweza kumfukuzisha nchini.

Imebaki siku ya kutoka, ambayo wengi tunaisubiri kama sherehe, tukifika tunashangaa tumeletewa mgeni. Mwanasaikolojia Craig Haney wa California amesoma wafungwa kwa miongo kadhaa, na anaeleza kwamba tabia zinazotutisha mtu akirudi ni kujizoeza kwa kawaida kabisa katika mahali pasipo pa kawaida. Kule ndani, kuonyesha huzuni ni kujiweka hatarini, basi uso unafungwa. Kutomwamini mtu ni usalama. Kila kitu kinaamuliwa na mwingine: saa ya kuamka, cha kula, mlango kufunguliwa. Baada ya miaka kadhaa, uwezo wa kuamua unalala.

Kwa hiyo usishangae akikaa kiti kinachotazama mlango. Usishangae akila kwa dakika tano na sahani ameizungushia mkono, au akisimama mbele ya friji akisubiri aambiwe achukue. Anaweza asilie kwenye kaburi la babu yake aliyefariki wakati yuko ndani, na shangazi wakasema amekuwa na moyo wa jiwe. Huo si ujeuri, wala si lazima aombewe pepo limtoke. Unapungua polepole. Usipopungua, au akiwa halali usiku, apelekwe kwa daktari kama ambavyo angepelekwa kwa malaria.

Karamu ya watu hamsini isubiri mwezi. Wiki ya kwanza mpe ufunguo wake mwenyewe wa nyumba, ili aingie na kutoka bila kubisha hodi. Mwende dukani pamoja, na mkifika kwenye rafu ya sabuni nyamaza. Zipo aina thelathini. Atasimama muda mrefu, pengine utaona aibu mbele ya watu. Mwache achague.