Barua kwa wafugaji wa kuku wa Kibaha: anayetoa taarifa alipwe

Ndugu zangu wafugaji,

Nawaandikia kutoka Iowa, jimbo linaloongoza Marekani kwa mayai. Nafanya kazi mabandani huku pamoja na Wakongomani, Wameksiko na watu wa Burma, na kila msimu ndege wa porini wanapohama, sote tunaishi roho juu kwa sababu ya mafua ya ndege.

Mwaka 2015 ugonjwa huu uliondoka na kuku na bata mzinga wapatao milioni 50 nchi nzima, zaidi ya milioni 30 wakiwa wa Iowa peke yake. Februari 2022 kirusi cha H5N1 kiliingia shamba la bata mzinga huko Indiana, kikasambaa majimbo yote. Kufikia 2025, ndege waliokufa au kuuawa walikuwa wamepita milioni 150, na Machi mwaka huo dazeni ya mayai ilifika wastani wa dola 6.23.

Kwa hiyo sisemi Marekani imeushinda ugonjwa. Lakini kuna jambo moja wanalofanya ambalo natamani mlipate: mfugaji anayeona vifo visivyo vya kawaida hupiga simu siku hiyo hiyo. Serikali humlipa fidia ya kila ndege aliye hai wakati wa kuteketeza. Kwa waliokwisha kufa halipwi. Na kwa kuwa H5N1 inaweza kumaliza banda kwa siku chache, anayeficha anajikata mwenyewe.

Sasa mtazame mfugaji wa Mlandizi mwenye kuku 500 wa mayai, mkopo wa VICOBA na deni la chakula dukani. Asubuhi anakuta kumi wamekufa. Anajua akimwita afisa mifugo, banda litafungwa na deni litabaki palepale. Mchana dalali anafika na pikipiki na matenga, ananunua kwa bei ya kutupa, jioni kuku wako sokoni na ugonjwa umehama wilaya. Simlaumu mfugaji huyo. Nawajua akina mama waliosomesha watoto hadi chuo kwa trei za mayai. Huwezi kumwambia mtu wa namna hiyo aangamize mtaji wake kwa manufaa ya umma halafu umwache mikono mitupu.

Tena tuna mazoea ya kusema "ni kideri tu". Kwa macho huwezi kukitenganisha na mafua ya ndege: vifo vya ghafla, kuhema kwa shida, kuharisha, kichwa kuvimba. Ni maabara tu inayoweza kusema. Kuku waliochanjwa kideri sawasawa wakianza kupukutika, hapo msisubiri hata usiku mmoja. Na mafua ya ndege hayako mbali: Januari 2017 Uganda ilitangaza kirusi chake cha H5N8, ndege wa porini walipokutwa wamekufa Lutembe, kando ya Ziwa Victoria, na kuku na bata wa kufugwa wakaugua Masaka. Afrika Kusini nayo mwaka 2023 iliangamiza mamilioni ya kuku, na wafugaji wakalia kwamba hawakulipwa.

Ombi langu ni mfuko wa fidia uwepo kabla ya ugonjwa. Bei ya kuku wa mayai, wa nyama na chotara ijulikane mapema, serikali itie fungu lake, nanyi mchange kidogo kwa kila kifaranga mnachonunua. Uwe na masharti. Tangu Desemba 2024, shamba kubwa la huku lililowahi kupatwa hukaguliwa kinga yake dhidi ya maambukizi kabla ya kuingiza ndege wapya, la sivyo likipatwa tena halilipwi.

Masharti yenyewe si ya gharama. Mlangoni pa banda letu kuna benchi la mbao lililokata njia. Unakaa, unavua viatu vya nje, unavusha miguu hewani bila kugusa sakafu, unavaa buti zinazoshinda humo ndani. Seremala yeyote wa Kibaha ataliunda kwa siku moja. Trei za karatasi zikishaenda dukani zisirudi bandani, na dalali na matenga yake aishie getini.

Msiwasahau vijana wenu wa kazi. Fidia ya huku ni ya wenye mali. Kibarua anayefungiwa banda haimgusi. Julai 2024, huko Colorado, waliokuwa wakiua kuku walioambukizwa walifanya kazi kwenye joto la nyuzi 40, feni zikivuma, barakoa na miwani havikai usoni, na kadhaa wakaugua. Kwa hiyo kijana asimnyonyoe wala kumchinja kuku aliyekutwa anakufa, na mfuko ukiundwa, siku zake za banda kufungwa zihesabiwe.

Chama chenu kikikaa tena, naomba hili liwe ajenda ya kwanza, na afisa mifugo wa halmashauri awepo aulizwe mbele ya wote: nikikupigia leo, nitalipwa nini, na nani, lini?

Ndugu yenu,
Iowa