Maneno ya wazee yasiishie kwenye alama za mtihani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nami nitoe dukuduku ambalo nimekaa nalo miaka mingi. Linahusu kazi ambayo walimu wa historia huwapa wanafunzi: nendeni vijijini, waulizeni wazee, andikeni. Ni kazi nzuri sana. Lakini mimi niliifanya vibaya, na ningependa vijana wa leo wasirudie kosa langu.

Mwaka 1979 nilikuwa kidato cha tatu. Wakati wa likizo mwalimu alituagiza kila mmoja arudi na daftari lenye masimulizi ya Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Kwetu ni milima ya Umatumbi, Wilaya ya Kilwa, kule kule ambako watu waliochoshwa na kulimishwa pamba kwa nguvu waliing'oa shambani Julai 1905 na vita vikaanza. Hivyo nilijiona nina bahati kuliko wenzangu. Jirani yetu alikuwapo bibi mmoja aliyekuwa mtoto mdogo wakati ule, naye akili yake ilikuwa bado timamu.

Wasomaji wa rika langu watakumbuka hali ya mwaka huo. Amin alikuwa ameng'olewa Kampala mwezi wa Aprili, na redio ilijaa habari za askari wetu. Sisi vijana masikio yetu yalitaka vita tu. Basi nikamwamkia bibi, nikakaa kwenye kigoda, nikafungua daftari na kuuliza: "Bibi, wazee wetu waliua Wajerumani wangapi?"

Akanijibu: "Mjukuu wangu, mimi vita sikuviona. Mimi niliiona njaa."

Nikaandika hivi: "Shahidi hajui habari za vita." Nilitaka kuondoka, lakini adabu ilinizuia, nikakaa. Bibi akasimulia kwa Kimatumbi kwa muda mrefu. Alisema jinsi askari wa Wajerumani walivyochoma nyumba na maghala ya chakula, watu wakakimbilia msituni wakachimba ming'oko na mizizi mikali ambayo lazima ilowekwe siku kadhaa, na ukiharakisha kuila inakuua. Alisema mama yake alikuwa na konzi moja ya mbegu za mtama, ameifunga kwenye pindo la nguo. Mdogo wake alilia njaa usiku na mchana, naye mama akakataa kuipika mbegu ile. Yule mtoto akafa. Mvua ziliponyesha, mama akaipanda. Bibi akanionyesha shamba kwa kidole, akasema, "Sisi wote tuliobaki tumetokana na konzi ile."

Alinitajia na jina la mdogo wake. Sikuliandika. Kalamu ilikuwa mkononi na daftari lilikuwa magotini, lakini sikuliandika, kwa sababu niliona hiyo siyo historia. Niliporudi shuleni nililijaza daftari kwa mapigano niliyoyasoma vitabuni, nikayatia katika kinywa cha "mzee mmoja wa kijiji chetu". Nikapata alama 17 katika 20, na mwalimu akanisifu mbele ya darasa.

Miaka michache baadaye nilipita kumsalimu bibi. Akaniuliza, "Yale maneno yangu mmeyaweka wapi?" Nikamjibu, "Yapo shuleni, bibi." Uongo mtupu. Madaftari yetu yalikuwa yamekwisha kutolewa stoo siku nyingi, karatasi zake zikawashia moto jikoni. Alifariki akiamini kwamba maneno yake yamehifadhiwa. Leo mimi ni mwalimu mstaafu, nimefundisha historia maisha yangu yote, na jina la yule mtoto silikumbuki. Hakuna aliyebaki wa kuniambia.

Ndugu wasomaji, wapo watakaosema kwamba habari za Maji Maji zimekwisha kuandikwa. Ni kweli, lakini tuangalie ziliandikwaje. Gavana wa Kijerumani wa wakati ule, von Götzen, alichapisha kitabu chake kuhusu vita hivi mjini Berlin mwaka 1909, miaka miwili tu baada ya vita kwisha. Mwananchi wa Umatumbi alingoja karibu miaka sitini. Mwaka 1968 ndipo wanafunzi wa chuo kikuu pale Dar es Salaam walipotumwa makwao katika sehemu zilizopigana, wakaandika masimulizi ya wazee waliokuwa bado hai. Kazi za Gilbert Gwassa na John Iliffe ziliweka maneno ya wazee pamoja na barua za watawala, msomaji akapima mwenyewe. Lau wanafunzi wale wangesubiri miaka ishirini zaidi, wazee wengi wangekuwa wamekwenda na maneno yao. Kwa hiyo tusiidharau kazi ya mwanafunzi mwenye daftari. Ikifanywa vizuri ni msaada mkubwa kwa Taifa.

Wapo pia watakaosema kwamba mzee husahau na huongeza chumvi. Sikatai. Lakini hata gavana aliongeza chumvi yake, na mimi mwenyewe niliyekuwa na kalamu nilidanganya kuliko bibi asiyejua kusoma. Dawa yake ni kuwauliza wazee wengi, kulinganisha na maandishi, na kuandika wazi nani alisema nini. Wanahistoria hukadiria kuwa waliokufa katika vita ile na njaa iliyofuata ni kati ya watu 75,000 na 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa. Ukimuuliza mzee habari za mapigano peke yake, basi umeliacha nje kundi kubwa la marehemu. Na wanaoijua njaa zaidi ni akina mama, ambao wanafunzi huwapita wakiwatafuta wazee wa kiume.

Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba radhi kwa yaliyotendwa na nchi yake. Nilisikiliza habari ile nikafurahi. Lakini nikajiuliza: sisi wenyewe tumewaomba radhi wazee wetu ambao maneno yao tuliyatupa?

Mashahidi wa Maji Maji wamekwisha. Lakini bado wapo wanaokumbuka Uhuru wa mwaka 1961, wanaokumbuka kuhamia vijiji vya ujamaa miaka ya 1970, walioiacha miembe na makaburi ya wazazi wao, na walioipigania nchi kule Kagera. Hawa nao wanapungua kila mwaka. Hivyo basi natoa mapendekezo manne kwa walimu na wanafunzi.

Kwanza, mwanafunzi aulize kisha anyamaze. Asiende na majibu mfukoni. Mzee akisema, "Hilo silijui, lakini najua hili," hapo ndipo aanze kuandika kwa bidii.

Pili, aandike jina la msimulizi kwa ridhaa yake, kijiji, tarehe na lugha iliyotumika. Siku hizi simu nyingi za mkononi zinanasa sauti. Basi na inaswe katika lugha ya mzee mwenyewe, halafu tafsiri ifuate.

Tatu, nakala moja irudi nyumbani kwa mzee na nyingine ibaki shuleni mahali pa kudumu, siyo stoo ya majembe. Wajukuu wake wana haki ya kuisoma kabla ya mgeni yeyote.

Nne, walimu wenzangu, tutoe alama kwa kusikiliza. Mwanafunzi anayeleta kurasa mbili za kweli kutoka kwa bibi yake apate zaidi kuliko yule anayeleta kurasa ishirini alizonakili kitabuni. Mimi mwalimu wangu alinisifu kwa uongo kwa sababu hakuniuliza swali moja tu: "Huyo mzee uliyezungumza naye anaitwa nani?"

Kwa leo naishia hapo. Kama yupo mwanafunzi anayejiandaa kwenda kijijini likizo hii, namwomba afanye jambo moja kwa niaba yangu: akitajiwa jina la mtoto aliyekufa, aliandike.

Mwalimu Mstaafu,
Kilwa.