Vallée de Mai kwa wenye siku moja

Haya machache ni kwa wanaokwenda kisiwa cha Praslin, Shelisheli, na kurudi Mahé siku hiyo hiyo. Pandeni boti ya asubuhi, mwendo wa kama saa moja. Msikimbilie teksi: basi la kawaida kati ya Baie Sainte Anne na Grand'Anse hupita mlangoni pa hifadhi ya Vallée de Mai. Ndani, muda wa saa mbili tatu unatosha. Mkisikia mluzi juu ya miti, simameni. Huenda ni kasuku mweusi, ndege wa taifa la Shelisheli. Na mbegu ya mti wa coco de mer, kubwa kuliko zote duniani, msiiokote. Anayetaka kununua adai cheti rasmi. Bila hicho hairuhusiwi kutoka nchini.