Redio na Kompyuta si Mambo ya Wasomi Peke Yao

Ndugu wafanyakazi wa mashamba ya michikichi na wa vinu vya mawese,

Mwishoni mwa Machi 2015 mvua iliporomosha mlima juu ya Gitaza. Watu walikufa, nyumba zilifunikwa, na barabara ya RN3, ambayo ndiyo njia yetu ya Bujumbura na ya Rumonge, ikakatika. Njia ikikatika, habari nazo hukwama: nani kapatikana, nani anahitaji daktari, gari lipite wapi. Simu ya mkononi hutegemea mnara, na mnara hutegemea umeme. Ndiyo maana tunasema chama kiwe na redio ya ridhaa iliyounganishwa na kompyuta, na wanaoishika wawe wafanyakazi wenyewe.

Wapo wanaotucheka, ati hayo ni ya mainjinia. Hebu tutazame kazi yenyewe. Redio ya masafa mafupi ina tundu la spika na tundu la maikrofoni. Kompyuta nayo ina tundu la kutolea sauti na la kuingizia. Waya mmoja huchukua sauti ya redio kuipeleka kwenye kompyuta. Wa pili huchukua sauti ya kompyuta kuipeleka kwenye maikrofoni. Programu hugeuza maandishi kuwa milio, na kule inakopokelewa, programu nyingine huirudisha kuwa maandishi. Fundi anayefunga mota ya kinu hashindwi na hilo.

Taabu ipo kwenye nguvu ya sauti. Kompyuta hutoa sauti kubwa mno kwa tundu la maikrofoni, na usipoipunguza mlio huharibika na kuwaudhi wengine hewani. Rezista mbili zinatosha kuipunguza. Katika kila waya itiwe pia transfoma ndogo ya sauti, kuzuia muungurumo wa umeme. Kisha utazame mshale wa redio ulioandikwa ALC: ukianza kuruka, punguza tena. Redio yenye VOX hujiwasha yenyewe kurusha ikisikia mlio, basi hata swichi huhitaji.

Kuhusu programu, tusidanganyane. FT8, waliyoitoa Joe Taylor na Steve Franke mwaka 2017, husomeka hata mlio ukizama ndani ya kelele, lakini maneno yako mwenyewe hayazidi herufi 13 kwa mara moja. Ni nzuri kwa kujifunzia. Haitoshi kumweleza daktari hali ya mgonjwa. PSK31 ya Peter Martinez, ya mwaka 1998, huenda kwa mwendo wa mtu anayechapa, nawe huandika upendavyo. Hiyo ndiyo itufaayo sisi.

Antena ni waya wa mita 20 hivi kwa megahezi 7. Ukifungwa chini chini, mawimbi hupanda juu na kushuka ng'ambo ya milima, na mchana hufika Bujumbura bila mnara wowote. Betri ya gari inatosha.

Kilicho kigumu ni leseni, inayotolewa na ARCT. Bila leseni tusirushe hata neno moja. Wala redio ya ridhaa si ya biashara. Ugomvi wa mishahara una meza yake.

Tunataka mkutano ujao upitishe fedha za redio moja, chama kiombe leseni, na wachaguliwe wawili wa kujifunza, mmoja wa shambani na mmoja wa kinuni. Gitaza ianze.